Mwaka wa Mukeka

Asubuhi hii Yaya Furaha amerudi kutoka soko la Nyawera na mkeka mpya begani. Ameutandika sebuleni chini ya dirisha, akaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto, kisha akaniambia, "Papa Bahati, utalala hapa mpaka tuondoe kilio. Ile kitanda tutaisimamisha kwa ukuta." Yeye ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu, ndiyo maana ya Yaya, na tangu tulipomzika Nsimire ndiye anayeamua katika nyumba hii nani apike, nani akae wapi, na kikombe cha chai kimfikie nani kwanza. Anachosema si ukali wake. Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu: aliyefiwa hulala chini, na kitanda cha ndoa hakiguswi mpaka siku ya kumaliza kilio. Nilikaa kwenye kiti changu nikautazama ule mkeka, na harufu yake ya majani makavu ikanifikia nikiwa bado na kikombe mkononi. Wanaokuja kunipa pole huniona nimenyamaza, wakanong'onezana kwamba mzee anawaza kaburi. Siwazi kaburi. Ninawaza mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Nsimire mwenyewe ndiye aliyeupa jina, na kwa kuwa tulilijua sisi wawili tu, sasa nimebaki nalo peke yangu.

Cirhuza alikuja juzi. Tulikanyaga udongo wa matofali pamoja tukiwa vijana. Sasa anatembea kwa fimbo, meno ya mbele hayapo, lakini mdomo ni uleule. Alinishika mkono muda mrefu. "Wee mutu," akasema, "miye nilizani njo wewe utatangulia. Ulikuwa mwembamba sawa fito ya maharagi." Watu walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka kilioni, wakiangalia kwanza kama inaruhusiwa. Akaendelea, "Unakumbuka vile tulikuwa tunakusema? Ati bibi yako anakumaliza!" Hapo akasikia alichosema. Akatazama picha ya Nsimire pale mezani, yenye kitambaa cheupe. "Unisamehe, ndugu yangu." Nikamwambia hakuna kitu. "Alikuwa anajua yote," nikamwambia. "Alikuwa anasikia mbele miye nisikie."

Wakati ule tuliishi Kadutu, katika chumba cha mbao kilichoshikilia mteremko kama kimechoka kusimama. Pazia la kitenge lilikigawa. Upande wa mlango palikuwa na meza, ndoo za maji na masufuria. Upande wa ndani palikuwa na kitanda. Fundi alikitengeneza kwa mbao za mkaratusi, na kilikuwa kikubwa mno kwa chumba chenyewe, hata ukitaka kufungua kidirisha lazima upande juu yake. Nsimire alikipenda kitanda kile. Alikitandika kila asubuhi kama mtu anayengoja mgeni, shuka imevutwa pande zote. Jioni alipika nje, chini ya bati lililotokeza nyuma ya nyumba, na tulikula mezani tukitazamana: bugali, sombe ya majani ya muhogo au mchicha tuuitao lenga-lenga, na siku nzuri sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu, tuliowatafuna na vichwa vyao. Alikuwa na tabia ya kunisukumia wale wakubwa bila kusema, akijifanya anapanga sahani.

Kazi yangu ilikuwa Mudaka, bondeni, kwenye majimaji ambako udongo ni mweusi na unanata. Lori lililopeleka matofali mjini lilitubeba alfajiri likirudi tupu. Kuna aliyechimba, kuna aliyekanyaga, kuna aliyejaza udongo kwenye kalibu, na kuna aliyeyapanga matofali mabichi juani. Mimi na Cirhuza tulikuwa wa kukanyaga. Tuliingia shimoni miguu mitupu, udongo ukafika karibu na magoti, tukazunguka humo mpaka ulainike. Viatu havikuruhusiwa. Kapita wetu, yaani msimamizi, Papa Bahizi, alisema ni mguu unaosikia jiwe, na jiwe moja lililosahaulika hupasua tofali motoni. Alikuwa mtu mwema, mwenye koti refu hata wakati wa joto, na hakutukana mtu. Choo hakikuwapo. Tulikwenda nyuma ya matete, si mbali na lile shimo, na mvua iliponyesha maji ya kule yalishuka huku. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo. Tulinawa mikono, tukala viazi vya kuchoma, tukarudi kukanyaga.

Uchovu ulinijia polepole hata sikuujua. Kwanza ilikuwa magoti. Baadaye nikipanda ngazi za udongo kutoka barabarani hadi nyumbani, moyo ulinipiga kifuani mpaka masikioni, nikasimama kati ya njia nikijifanya ninamsalimia mtu. Shimoni nilikuwa nikishika bega la Cirhuza. Yeye, kwa kuwa nilikuwa nimeoa juzijuzi, alikuwa na maelezo tayari. "Bwana harusi! Acha kidogo ya kufanyia kazi!" Wengine wakadakia. Mmoja akasema yeye akilala na bibi lazima apumzike siku mbili ndipo mikono irudi. Mwingine akasema inategemea chakula: karanga mbichi, yai bichi, muwa. Mwingine akanishika kiuno mbele ya wote, akabonyeza: "Njo hapa nguvu inatokea. Mugongo. Huyu mugongo yake imekauka." Tulikuwa vijana, na mambo ya kitanda tulijifunza namna hiyo, tumesimama katika udongo, kwa kelele na kicheko, kila mmoja akiogopa kuonekana hajui. Nilicheka nao. Lakini nikirudi kwenye lori nilikaa nikipiga hesabu ya usiku uliopita, na hofu ikaingia.

Tanuru ndilo lililomaliza mambo. Siku za kuchoma matofali wanaume wote walilala palepale, wakilisha moto kwa zamu, na ilikuwa marufuku kwa yeyote kwenda kwa bibi yake mpaka tanuru lipoe. "Huyu moto haipende harufu ya kitanda," Papa Bahizi alikuwa akisema, na hata wazee waliokwenda misa kila Jumapili waliifuata amri hiyo. Safari moja tulipofungua tanuru, matofali ya katikati yalitoka mabichi, meusi ndani, ukiyashika yanamomonyoka. Kuni zilikuwa zimenyeshewa, mimi mwenyewe nilizibeba zikichuruzika maji. Lakini kapita hakuuliza habari ya kuni. Alivua kofia akauliza, "Nani alienda kwa bibi?" Wote wakanitazama. Sikuwa nimetoka pale, na walijua, maana walilala kando yangu. Lakini mara kadhaa nilikuwa nimekaa chini wakati wa kulisha moto. "Mutazame magoti yake," Cirhuza akasema. "Magoti haiwezi kudanganya." Walicheka, na katika kicheko kile hukumu ikapita.

Papa Bahizi alinipeleka pembeni, akaweka mkono begani mwangu. "Mwanangu, hata kama si ile siku, ni siku za mbele. Nguvu ya mwanaume iko sawa hii shimo. Ukichimba kila siku bila kuacha irudi, unafika kwa jiwe. Wewe umefika kwa jiwe." Akaniagiza nilale mbali na bibi yangu, ninywe dawa ya mgongo, mizizi iliyochemshwa aliyoninunulia yeye mwenyewe, na ningojee. "Nguvu itarudi. Usipongoja, nitakutoa mu kazi, na si kwa kukuchukia." Niliamini kila neno. Mtu ambaye amekulipa kwa haki na kukununulia dawa, utaanzaje kumkatalia?

Nilimwambia Nsimire tukiwa mezani. Nilisema yote, maana sijui kusema nusu. Alinisikiliza akiwa ameshika tonge la bugali, halafu akalirudisha sahani.

"Miye njo ninakumaliza?"

"Si wewe. Ni ile kitu."

"Ile kitu unafanya na nani?"

Akauliza mpaka lini. Nikasema mpaka nguvu irudi. "Na ikirudi, utajua namna gani?" Akanisukumia sambaza wakubwa, wote waliobaki, akaenda kuosha vyombo. Alipoingia akatoa mkeka nyuma ya ndoo, ule aliokuwa akianikia maharagi, akautandika upande wa mlango. Hakuutupa. Aliutandika vizuri, akakunja kitenge chake kuwa mto. Leo nikimwona dada yake akiupigapiga mkeka kwa kiganja, ni mikono ileile.

Basi nikalala chini ya meza karibu mwaka mzima. Pazia lilikuwa kati yetu, na kwa kuwa lilikuwa jembamba, nilimsikia akigeuka. Kulikuwa na baridi ile ya kwetu inayotoka ziwani na kuingia chini ya mlango. Nilikunywa mizizi, ilikuwa michungu kama nyongo. Nilikula mayai mabichi. Na kadiri nilivyojizuia, ndivyo nilivyozidi kudhoofika. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini hofu haifikiri hivyo. Nilitafuta sababu nyingine ndani ya hofu ileile. Nilikumbuka mambo ambayo mvulana hufanya peke yake kabla ya kuoa, nikadhani huenda niliharibika tangu zamani. Kisha Cirhuza akaniambia kwamba hata ndotoni mwanaume hupoteza, na akiamka ameloa, siku hiyo amekwisha. Toka hapo nikaogopa usingizi wenyewe. Mwili wangu wa ujana ulifanya ulichozoea kufanya, nami niliamka nikijiona kama mtu aliyeibiwa na mikono yake mwenyewe. Nilifua nguo yangu kwa siri alfajiri. Nsimire alisikia maji yakimwagika na hakuuliza. Natamani angeuliza. Natamani mmoja wetu angecheka.

Mchana mmoja lori liliniacha, maana sikuweza kuamka. Nilikuwa nimelala mkekani, na nje, nyuma ya mbao, Nsimire na Yaya Furaha walikuwa wakichambua sombe. Hawakujua kwamba niko macho.

"Mwanaume mwenye hataki nyumbani, iko na kwingine," Yaya alisema. "Uende uulize pale Nyawera, kwa wale wauza pombe ya kasiksi."

"Hana kwingine, Yaya. Hata hii mulima haiwezi kupanda bila kusimama. Huyo bibi ingine angemubeba kwa mugongo?"

Yaya akacheka, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ni nini?"

"Ananiogopa." Nilisikia kisu kikiacha kukata. "Nikipita karibu anakusanya miguu. Yaya, miye ninajiangalia mu kioo, ninajiuliza niko na nini yenye kula watu."

"Rudi kwa mama."

"Nikirudi, nani atamupikia? Atakufa."

Nilibaki pale nikitazama chini ya meza, mahali fundi alipoacha alama ya penseli. Nilitaka kusimama, nitoke, nimwambie kitu. Niliposimama giza likanijia machoni, nikakaa tena. Walipoingia nilijifanya nimelala.

Kilichotuokoa kilikuwa mfukoni mwangu. Miezi ile nilikuwa na hamu ambayo sikuthubutu kuitaja. Nilikuwa nikila udongo. Si mwingi, bonge dogo la ule mbichi wa Mudaka, uliokauka kidogo pembeni. Nililimung'unya nikirudi kwenye lori nikiwa nimegeuza uso. Harufu yake baada ya mvua ilinitoa mate kuliko nyama. Jumamosi moja Nsimire alikuwa akifua suruali yangu, akakuta bonge lile, lina alama za meno. Aliingia nalo mkononi, povu la sabuni linamdondoka.

"Papa," akasema, "uko na mimba?"

Tulitazamana. Akaanza kucheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia kwa miezi mingi, akakaa kitandani, akacheka mpaka akafunika uso kwa mikono yenye povu, na nilipoiondoa alikuwa analia. Mama yake, aliniambia, alikula udongo hivyo wakati wa mimba moja, mpaka wakamkuta hana damu, wakambeba kwenye machela. Akanishika kiganja, akakigeuza mwangani, akaweka chake kando. Changu kilikuwa cheupe kama bugali ya muhogo. "Wee mutu, hauna damu! Na miye niko hapa ninajilaumu!" Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu siku ya mkeka. Sikukusanya miguu.

Jumatatu alinipeleka kwenye kituo cha afya, akinishika mkono ngazi zote kama mtu anavyomshika mtoto. Munganga, yaani daktari, alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinivuta kope la chini, akaguna. Akataka choo changu kipimwe. Aliuliza kazi yangu, akaniambia nivue viatu, akatazama kati ya vidole vya miguu, mahali nilipokuwa nikijikuna kila jioni. "Ni minyoo," akasema. "Inaingia kwa muguu, inashuka mu tumbo, inakunywa damu. Wote wenye kukanyaga udongo ya pale wako nayo, wewe umezidi." Nsimire akaniangalia. Alijua kwamba mbele yake nisingeuliza, akatoka nje mwenyewe ili niweze.

Nikauliza. Nilimwambia habari ya tanuru, ya mkeka, ya ndoto. Nikauliza mwanaume akitoka kwa bibi yake nguvu yake hurudi baada ya muda gani. Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta.

"Unachoka kidogo, unalala. Ukiamuka imeisha. Mwili inatengeneza ingine, haiko sawa akiba yenye kuisha. Hata ile ya ndoto, ni mwili tu inafanya kazi yake. Umelala mbali na bibi mwezi ngapi?"

Nikamwambia.

"Na nguvu ilirudi?"

"Hapana, munganga. Ilipungua."

"Basi kitanda ilikuwa na kosa gani?"

Nilipewa dawa ya minyoo, vidonge vya kuongeza damu, na amri ya kuvaa mabuti. Papa Bahizi alipoona mabuti alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Halafu akatazama miguu yake mwenyewe, na majuma machache baadaye alivaa yake. Nilipata nafuu polepole. Siku moja nilifika mlangoni nikagundua kwamba sikusimama kwenye ngazi. Hamu ya udongo ikakatika yenyewe. Cirhuza naye alikunywa dawa, akajifanya ni kwa ajili ya kikohozi.

Lakini kurudi kitandani kulikuwa kugumu kuliko kupona. Hilo sikulitazamia. Nilikuwa na nguvu, kazi ilikwenda, na kila jioni nilijilaza mkekani kama kawaida, kwa sababu sikujua mtu anavukaje pazia baada ya mwaka. Ningesema nini? Yeye naye hakuniita. Nadhani alikuwa akingoja nije bila kuitwa, nami nilikuwa nikingoja kuitwa, na siku zikapita hivyo, tukipeana sambaza mezani kwa adabu kama wageni. Mpaka siku ile ya mvua. Nilirudi nikiwa nimelowa, nikakuta chakula tayari, ndoo zimejaa, na pale upande wa mlango hapana kitu. Nikachungulia nje. Mkeka ulikuwa kwenye kamba, katikati ya mvua, unachuruzika maji. Haukuwa umesahaulika, ulikuwa umefungwa kwa vibanio pande mbili.

"Mukeka imelowa," akasema Nsimire, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. "Basi utalala wapi?"

Mwaka wa mukeka, hivyo ndivyo alivyouita. Watoto walipokua na kuoa, mmoja wao akikosana na mwenziwe, Nsimire aliniangalia akisema tu, "Mukeka," nami nikaelewa. Tulikuwa na miaka mingi mizuri baada ya ule. Lakini tangu alipougua, alipokuwa yeye sasa ndiye anayesimama kwenye ngazi kupumua, nimekuwa nikiurudia mmoja tu, ule ambao alikuwa kule ng'ambo ya pazia, mzima, mwenye joto, kijana, akigeuka na kugeuka, nami niko chini ya meza ninajiwekea akiba. Akiba ya nini? Ningeweza kumpa mtu yeyote nguvu zote zilizonibakia ili nipate usiku mmoja tu wa ule mwaka. Siku za mwisho hakuweza kulala ubavu, aliketi ameegemea kifua changu, na aliponiona nasinzia alisema, "Umechoka, Papa Bahati." Nilimwambia hapana. Akatabasamu, maana sijui kudanganya.

Mchana huu mvua imeanza. Wageni wamesogea ndani, Cirhuza miongoni mwao, Yaya Furaha yuko jikoni na mabinti. Nimesimama, nikaukunja ule mkeka mpya, nikatoka nao. Cirhuza aliniona, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga bila kusema. Nimeuanika kwenye kamba, nikaubana kwa vibanio pande mbili, nikabaki nikiutazama ukinywa maji. Niliporudi, Yaya alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, ametazama kamba, ametazama nguo zangu zilizolowa.

"Yaya," nikamwambia, "mukeka imelowa."

Akanipisha nipite. Nami nikabaki pale kizingitini, maji yakinitiririka, nikingoja mtu aniulize nitalala wapi.